Kufanya Kazi Barabara: Maana ya Neno na Wajibu wa Askari

Osukuru ni nchi ya vilima na njia. Iko katika wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, ambako vilima vya Sukulu vyenye madini ya fosfeti vimesimama karibu na mji, na jabali la Tororo huonekana kutoka mbali. Upande wa mashariki uko mpaka wa Malaba, na upande wa kusini uko mpaka wa Busia. Hiyo ndiyo milango miwili ambayo shehena nyingi zitokazo bandari ya Mombasa huingilia Uganda, nyingine zikiendelea hadi Rwanda na Kongo. Katika sehemu hizi mwananchi mmoja husema Kiteso, jirani yake Kipadhola, na wa tatu Kisamia. Mfanyabiashara atokaye Kampala huja na Kiganda chake, na karatasi za serikali huandikwa kwa Kiingereza. Askari aliye zamu hufanya kazi katikati ya lugha zote hizo, na lugha inayomwunganisha na wote ni Kiswahili.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tuzungumze na wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi juu ya neno moja la sifa. Neno lenyewe ni "excellently" la Kiingereza, ambalo pamoja na ndugu zake hupatikana katika taarifa za utumishi, katika barua za pongezi na katika hotuba za kufunga mafunzo. Wengi wakitakiwa kulitafsiri husema "vizuri sana", wakadhani kazi imekwisha. Sisi twaona haijakwisha. Kati ya neno hilo na maneno ya Kiswahili yanayowekwa mahali pake iko tofauti ya fikra, na tofauti hiyo yaweza kumwokoa askari au kumtia matatani.

Neno la kilima

Tuanze na neno la Kiingereza. "Excellently" ni kielezi, yaani neno linaloeleza jinsi tendo lilivyotendwa. Kielezi hicho kimetokana na kivumishi "excellent", nacho asili yake ni Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kuinuka juu na kutokeza kuliko vingine. Wataalamu wa lugha za Ulaya huliweka katika ukoo mmoja na neno "hill", ambalo kwa Kiingereza ndilo kilima. Basi mtu anayesema kwamba koplo fulani amefanya kazi "excellently" anasema kwamba koplo huyo ameinuka juu ya wenzake, kama jabali la Tororo linavyoinuka juu ya mashamba yanayolizunguka.

Yafuata kwamba neno hili ni la kulinganisha. Haliwezi kuwafaa askari wote wa kikosi kwa wakati mmoja, kwa kuwa wote hawawezi kuwa juu ya wote. Ndiyo sababu Waingereza wenyewe hawalitumii ovyo. Katika mazungumzo ya kila siku husema "very well", na "excellently" huliacha kwa maandishi rasmi au kwa jambo lililozidi kweli. Tena hawapendi kuliongezea neno la "sana", kwa maana lililokwisha kufika kileleni halina pa kupanda zaidi. Mwandishi wa taarifa akumbuke jambo hilo kabla ya kurundika sifa juu ya sifa.

Neno la usawa

Sasa tutazame hazina yetu. Kiswahili kina vielezi vingi vya kusifu kazi: vizuri, vyema, sawasawa, barabara, vilivyo, kikamilifu, ipasavyo, kwa ufanisi. Ukiyachunguza maneno haya utaona kwamba mengi hayasemi juu ya kupanda wala kupita wengine. Yanasema juu ya kulingana na kipimo.

"Sawasawa" ni neno "sawa" lililorudiwa, nalo kwa asili yake ya Kiarabu ni usawa. "Barabara" huhusishwa na Kiajemi, ambako neno la namna hiyo lina maana ya kulingana, kitu kimoja kuwa sambamba na kingine. Wahindi nao wanalo, na katika Kigujarati hutumika kwa maana ya sawa na sahihi, hata mwenye duka wa Kihindi na mteja wake Mswahili waliweza kukubaliana kwa neno hilo moja. "Ipasavyo" ni jinsi jambo linavyopasa. "Kikamilifu" ni bila kupungukiwa na kitu. Katika maneno yote hayo kiko kipimo kilichowekwa kwanza, na tendo linasifiwa kwa kukifikia.

Mfano ulio karibu na watu wa Tororo ni mfuko wa saruji. Saruji imetengenezwa katika mji huo tangu miaka ya 1950, na mfuko wake wa kawaida ni kilo 50. Mfuko wenye kilo 50 umepimwa barabara. Wenye kilo 48 ni wizi, na wenye kilo 53 ni hasara ya kiwanda. Hapana mtu anayeusifu mfuko kwa kuipita mizani.

Hiyo ndiyo fikra iliyomo ndani ya neno letu. Neno la Kiingereza lilikuwa kilima, na la kwetu ni uwanda ulionyoshwa. Tukitaka kulitafsiri "excellently" kwa uaminifu, hatuna budi kuuliza kwanza: je, aliyesifiwa amewapita wenzake, au ametimiza alilotakiwa? Kama amewapita, tuseme kwamba amefanya kazi kwa ubora kuliko wenzake, au kwa namna ya pekee, tukaeleza ni katika nini. Kama ametimiza, tuseme amefanya kazi barabara, wala tusione kwamba tumempunja. Kwa askari, kutimiza amri na sheria bila kupunguza wala kuzidisha ni heshima kamili.

Barabara mbili

Hapa wasomaji watatukumbusha kwamba "barabara" ni njia kuu vilevile. Ni kweli, na maandishi hayatofautishi maneno hayo mawili, lakini masikio ya wenye lugha huyatofautisha. Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Njia kuu hufuata kanuni hiyo: ba-ra-BA-ra. Kielezi hakifuati, kwani mkazo wake hurudi nyuma kwa silabi moja: ba-RA-ba-ra. Maneno yanayotengwa na mkazo peke yake ni machache mno katika Kiswahili, na kwa sababu hiyo vitabu vya sarufi hupenda kuleta mfano huu.

Jambo hili si mchezo wa walimu. Tuchukue mfano wa mkuu wa zamu anayetoa amri kwa redio ya upepo: "Yakagueni malori barabara." Amri hiyo yataka ukaguzi kamili, ndani na nje, popote malori yalipo. Kama angesema "barabarani", angetaja mahali, wala asingesema lolote juu ya namna ya kukagua. Redio ikikwaruza na silabi ya mwisho ikamezwa, na msikilizaji akawa hakuzoea mkazo wa pwani, amri moja hugeuka kuwa nyingine. Kikosi kitasimama katika njia kuu wakati shehena inayotafutwa imelala uani kwa mtu. Dawa yake ni nyepesi. Mkuu aongeze neno moja la kufafanua, na anayepokea aikariri amri kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuondoka.

Nzuri na vizuri

Katika vikosi vyetu wengi wamekipata Kiswahili kambini. Katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, askari wengi wa Afrika Mashariki waliamrishana kwa Kiswahili, na hata jina la kikosi lenyewe wananchi waliligeuza likawa "Keya". Kiswahili hicho kilikuwa kifupi na chepesi, kikiwafaa watu wa makabila mengi waliokusanywa upesi. Kilifanya kazi kubwa, lakini kiliyapunguza maneno viambishi vyake. Hadi leo husikika mtu akisema "amefanya kazi mzuri", kauli ambayo haikuamua kama inaisifu kazi au inasifu namna ya kuifanya.

Kanuni yenyewe haina ugumu. "Nzuri" ni kivumishi cha kuisifu kazi: hii ni kazi nzuri. "Vizuri" ni kielezi cha kusifu tendo: amefanya vizuri. Waingereza nao wana jozi hiyo, "good" na "well", na watoto wao hukemewa shuleni kwa kuzichanganya. Maana mbili hizo zaweza kuachana. Askari aweza kufanya vizuri na matokeo yasiwe mazuri: amefuata kila hatua ya upekuzi, na mwizi amekwisha kuvuka mpaka. Mwingine aweza kufanya vibaya na matokeo yakapendeza: amevunja nyumba ya mtu bila kibali, na mali ya wizi ikaonekana humo. Taarifa inayochanganya kivumishi na kielezi itampa wa pili sifa na wa kwanza lawama, nayo itakuwa imewafundisha wote wawili somo baya.

Lugha za wenyeji zina njia zao. Mteso husema "ejok", akitaka kuzidisha husema "ejok noi". Mganda husema "bulungi nnyo". Wote huchukua neno la uzuri na kuliongezea la wingi. Si ajabu basi wakija katika Kiswahili hutosheka na "vizuri sana". Kauli hiyo si kosa, ila ni nguo pana inayomfaa kila mtu, na nguo ya namna hiyo haimtambulishi aliyeivaa.

Neno linalopima na neno linalosifu

Sasa tumefika mahali ambapo mambo haya yana uzito kuliko pote. Katika Kiswahili kielezi cha uzuri mara nyingi hupima kadiri ya tendo bila kulisifu. Mtu akisema "alipigwa vizuri", "alipigwa vilivyo" au "alipigwa barabara", hasemi kwamba kupigwa huko kulikuwa kwema. Anasema kwamba kulikuwa kukali, hakukupungua kitu. Neno "excellently" haliwezi kazi hiyo, kwani ndani yake imo sifa daima.

Tufikiri sasa juu ya shahidi anayesimama mahakamani, mtu wa soko, aliyezoea Kiswahili cha mpakani. Anaeleza jinsi alivyoshambuliwa: "Alinipiga vizuri mpaka nikazirai." Kumbukumbu za mahakama za Uganda huandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri mvivu akiweka neno la sifa, hakimu atasoma kwamba shahidi amempongeza aliyemuumiza, au atadhani shahidi anafanya mzaha. Polisi anayeandika maelezo ya shahidi kituoni anakabiliwa na hatari hiyohiyo, tena yeye ndiye wa kwanza. Namna iliyo salama ni kumwuliza shahidi maana yake: ulipigwa mara ngapi, kwa kitu gani, mahali gani pa mwili, ukaumia vipi? Majibu yakiandikwa, kile kielezi hakina haja tena.

Hatari hiyo huongezeka neno linapotoka katika kinywa cha mkubwa. Mkuu akimkabidhi kijana mtuhumiwa na kusema "Mhoji barabara", yawezekana mkuu alitaka maswali yapangwe, majibu yaandikwe na haki za mtuhumiwa zilindwe. Kijana naye, aliyezoea kusikia neno hilo pamoja na kipigo, aweza kuelewa kwamba ameruhusiwa kutumia fimbo. "Ndiyo, afande," atajibu, na kila mmoja atakwenda na maana yake. Sheria haitawasikiliza. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza mateso bila kuacha mwanya. Sheria ya kuzuia mateso ilipitishwa Uganda mwaka 2012, na Kenya ikapitisha ya kwake mwaka 2017. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, wa mwaka 1984, umesema wazi kwamba amri ya mkubwa haiwi udhuru. Kwa hiyo kijana hawezi kujitetea kwa kielezi alichoambiwa, na mkuu atakuwa na kazi ngumu ya kuieleza dunia kwamba alikusudia maana ile nyingine.

Asili ya neno inatusaidia hapa. "Barabara" ni kulingana na kipimo, na kipimo cha kuhoji ni sheria. Aliyepita kipimo hakufanya barabara zaidi. Ametoka nje ya neno lenyewe. Vivyo hivyo amri ya "Mfunge pingu vizuri". Pingu zilizofungwa vizuri zimekaza kiasi cha kumzuia mtu asitoroke, na zimelegea kiasi cha kuipitisha damu. Mwenye kuzikaza mpaka mikono ikafa ganzi amefunga vibaya, hata kama mtuhumiwa hakutoroka.

Katika taarifa na katika kituo kimoja

Mwezi wa Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya. Chini ya utaratibu huo msafiri husimama mara moja tu, na watumishi wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, ng'ambo moja ya mstari. Ofisa wa Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa katiba ya mwaka 2010, humpokea mtu au mzigo uliokwisha kupita mikononi mwa mwenzake wa Uganda. Akiuliza "Mmekagua?" na kujibiwa "Sawasawa", hajui kama mwenzake anasema kwamba amekagua bila kasoro, au kwamba amesikia na atakagua, au kwamba mambo si mabaya. "Sawasawa" hubeba maana zote tatu. Jibu la kiaskari ni lenye vitu ndani yake: tumehesabu magunia, tumelinganisha na hati, lakiri ya kontena ni nzima.

Hivyo ndivyo ilivyo pia katika taarifa za mwaka na barua za pongezi. Sentensi isemayo "Askari huyu alifanya kazi vizuri sana" haimsaidii askari mwenyewe, kwa kuwa hata mvivu hupata kuandikiwa hivyo na mkubwa asiyetaka ugomvi. Wazee walituachia methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa isiyo na kipimo humharibu hodari na kumficha goigoi. Afadhali mkubwa aandike kwamba askari alikesha malindo yote aliyopangiwa, hakuchelewa hata mara moja, vitabu vyake vilikutwa safi, na hapana mwananchi aliyemlalamikia. Msomaji wa taarifa hiyo atalitamka neno la sifa mwenyewe, na likitoka kwake litakuwa na nguvu zaidi. Methali nyingine yasema chema chajiuza.

Vilevile mahakamani. Polisi akisema "Nilipekua gari vizuri kabisa", wakili ana haki ya kumwuliza vizuri ni namna gani, na kama jibu ni kurudia neno lilelile, ushahidi wake umekwisha kulegea. Lakini akisema kwamba alifungua buti, akainua viti, akatazama chini ya gari kwa tochi, na kwamba dereva alikuwapo muda wote, wakili atatafuta pengine pa kuvunjia.

Lugha yenye cheo sasa

Tunayasema haya wakati ambapo Kiswahili kimepata heshima Uganda ambayo zamani kiliikosa. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo hilo halikukiingiza mashuleni wala maofisini kwa kadiri iliyotarajiwa. Wananchi wengi walikiogopa, wakikihesabu kuwa lugha ya amri na vitisho, kwa kuwa walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha uamuzi wa kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi.

Watoto wa Osukuru watakaofundishwa vielezi darasani watakuja kuwasikiliza askari njiani, nao watapima. Wakimsikia askari akisema "barabara" huku mkono wake ukipita sheria, watajifunza kwamba maana ya kitabuni ni ya kitabuni tu. Wakimwona akikagua kwa adabu, akiandika kwa ukweli na kuachilia pale ambapo hana sababu ya kuzuia, watalijua neno kwa maana yake. Ile sifa mbaya iliyokipata Kiswahili katika nchi hii haikutokana na lugha yenyewe. Ilitokana na matendo ya waliokuwa wakiisema, na haitaondolewa isipokuwa kwa matendo.

Basi, ndugu zetu mlio malindoni, maneno ya sifa yasitumiwe kama chumvi ya kutia katika kila chakula. Anayetaka kusifu na ataje kilichotendwa. Anayetoa amri na aeleze kipimo chake. Anayepokea na aulize pale asipoelewa, kwa maana kumwuliza mkubwa kwa heshima si utovu wa nidhamu. Na anayeandika maneno ya shahidi asimfanye aseme sifa mahali aliposema maumivu. Tukiyashika hayo, tutakuwa tumelitumia neno barabara.